Tisa Desemba Mbili

Nchi yangu ilizaliwa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa tarehe tisa Desemba. Nimelifundisha hilo darasani hapa Mbinga mpaka naweza kulisema nikiwa usingizini. Mwaka sitini na moja Tanganyika ilipata Uhuru, lakini Malkia wa Uingereza akabaki kuwa mkuu wa nchi. Mwaka sitini na mbili, tarehe ile ile, ikawa Jamhuri, tukapata rais wetu wenyewe. Kila mwaka watoto wanachanganya. Kila mwaka nakunja sura, nafuta ubao, naanza upya. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanafunzi wangu wanajua, lakini kwa kosa hilo sijawahi kumgombeza mtoto hata mmoja. Nyumbani kwetu watu wazima wamelikosea hilo hilo maisha yao yote.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa kahawa kule Maguu, na alikuwa na miguu isiyotulia. Kahawa ikishauzwa, alikuwa anafunga maharage yake, anashuka nayo milima kwa miguu hadi Ziwa Nyasa, kisha anarudi na samaki wakavu wa kutosha kunukisha kijiji kizima. Huko ufukweni akapata mke wa pili, ambaye padri hakumwandika popote na bibi yangu hakumtaja kwa jina hadi anaingia kaburini. Kila mke alimzalia babu mtoto mmoja wa kike. Wa milimani ndiye mama yangu. Wa ziwani ni dada yake mama, au ni mdogo wake, na hapo ndipo penye shida yenyewe.

Wote wawili waliambiwa kuwa wamezaliwa siku ya bendera. Bibi zetu hawakwenda shule. Walihesabu miaka kwa njaa, kwa nzige, kwa kufika kwa padri mpya, na hesabu hiyo haikuwahi kuwaangusha mpaka lilipokuja jambo lililojirudia. Bendera zilipepea mwaka wa kwanza, zikapepea mwaka wa pili. Ng'ombe walichinjwa mara mbili. Huko ziwani vijana walicheza ngoma ya mganda na kina mama wakacheza kioda mara zote mbili, kwa furaha ile ile na pengine kwa nyimbo zile zile. Ukimuuliza mtu yeyote wa wakati ule, "Ilikuwa bendera ipi?" anakutazama kama vile umemuuliza ni ukungu upi ulioshuka jana.

Hata Bikira Maria hakutusaidia. Bibi alikuwa na uhakika kwamba mama alizaliwa kesho yake baada ya sikukuu ya Bikira Maria, ile ya tarehe nane. Sawa bibi, lakini tarehe nane inakuja kila mwaka.

Mtu wa kwingine anaweza kucheka. Mwaka mmoja ni kitu gani, tena baina ya watu waliokwisha kuota mvi? Lakini sisi hatuwezi hata kuingia ndani ya nyumba bila kujua nani anamwamkia nani. Mdogo anasema Shikamoo, mkubwa anasema Marahaba, ndipo habari za shamba na za watoto zinafuata. Hawa wawili walikwama hapo mlangoni. Kila mmoja alijua kwa moyo wake wote kwamba yeye ndiye mkubwa, na kila mmoja alisubiri kuamkiwa.

Mimi mwenyewe sikujua nimwite nani yule mama. Akiwa mkubwa kwa mama yangu, ni mama mkubwa. Akiwa mdogo, ni mama mdogo. Nikimwita mama mkubwa, mama yangu ananuna wiki nzima. Nikimwita mama mdogo, nitarudi Mbinga bila samaki. Tukaishia kumwita Mama wa Ziwani, na watoto wake nao wakamwita mama yangu Mama wa Milimani. Binti yake namwita dada bila taabu, maana tarehe yake ya kuzaliwa inajulikana, Mungu ashukuriwe.

Nilipokuwa mdogo nilimwona Mama wa Ziwani mara chache, na kumbukumbu zangu juu yake zina maji maji. Namwona amesimama ndani ya ziwa, maji yamefika magotini, anasuuza sufuria, na nyuma yake ziwa limeungana na mbingu kiasi kwamba hakuna mstari. Milima ya Malawi ng'ambo ilikuwa ikionekana na kupotea, ikionekana na kupotea. Kwetu Maguu kila kitu kiko juu yako au chini yako. Kule kila kitu kilikuwa sawasawa, na sauti za watu zilisafiri mbali bila kupanda wala kushuka. Nilidhani wale watu wanaishi ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Mama yangu alikuwa amekaa juu ya mchanga, ametazama upande wa pili, akinituma mimi: "Kamuulize maji ya kunywa yako wapi." Nami nikaenda, nikauliza, nikarudishiwa jibu, nikalipeleka. Walikuwa wanasikiana vizuri tu.

Mambo yaliharibika kabisa kwenye msiba wa babu, kule Maguu. Walikaa mkeka mmoja, bega kwa bega, wote wamevaa kanga nyeusi, na hakuna aliyemwamkia mwenzake. Wanawake waliokuwa wanamenya viazi wakaanza kugongana viwiko. Mwishowe Mama wa Ziwani akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba kuna watu wamelelewa karibu na kanisa lakini adabu hawana. Mama yangu akainuka. Hakusubiri chakula cha wafiwa. Alipanda kilima kuelekea nyumbani huku kanga ikiburuzika chini, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena ziwani. Barabara ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ikachongwa, ikawekwa lami, magari yakaanza kushuka kwa muda wa mtu kusali rozari zake mbili tatu, na mama hakushuka. Ukimletea samaki wa kule, alikula. Lakini hakuuliza nani amewatuma.

Halafu, mwaka mmoja wa hivi karibuni, kahawa ilipokuwa imemaliza kutoa maua na mvua za kwanza zimeanza, dada yangu wa ziwani akanipigia simu. Mama yake ameanguka bafuni. Ni kiharusi. Upande mmoja umelala, mdomo umepinda, na maneno yanakuja moja moja kama yamesahau njia. Daktari amesema kingine kikija hatutakuwa na la kufanya.

Nilimweleza mama, ambaye siku hizi anaishi nami hapa Mbinga, akiwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akatoa jingine.

"Ananiulizia?" akasema.

"Sijui, mama. Hata maneno anayapata kwa shida."

"Basi akiniulizia, nitakwenda."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilimwambia mtu mwenye kiharusi haulizii watu kwa barua ya mwaliko. Akaniambia nisimpigie kelele, yeye si mwanafunzi wangu. Tukaachana hivyo.

Wiki hiyo nilikuwa naandaa somo langu la Uhuru na Jamhuri, lile lile la siku zote. Nilikuwa kwenye kiti cha uani, ukungu umeingia hadi kwenye migomba, na nilikuwa nachezea simu zaidi ya kufanya kazi. Nilifungua kalenda ya simu nikaanza kuirudisha nyuma. Miaka ilipita chini ya kidole changu bila sauti, mwaka niliofunga ndoa, mwaka niliozaliwa, na nikaendelea kushuka kwenye miaka ambayo sikuwepo, mpaka nikafika kwenye zile Desemba mbili. Ya sitini na moja, tarehe tisa ilikuwa Jumamosi. Ya sitini na mbili, ilikuwa Jumapili.

Nilihisi kama kuna mtu amekuja kusimama nyuma yangu.

Mama alizaliwa shambani. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi hata naiona. Bibi ameinama kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani yenye matuta kila upande, anapanda mahindi juu ya tuta. Uchungu unamkuta hapo hapo. Anashuka ndani ya shimo moja, analala juu ya nyasi kavu, na ngoma za bendera zinasikika kutoka bondeni. Mama akatokea humo shimoni. Mpaka leo hujisifu kwamba yeye hakuzaliwa, alipandwa.

Na bibi yangu alikuwa Mkatoliki wa Maguu. Angeweza kukutukana, angeweza kukunyima chumvi, lakini kushika jembe siku ya Jumapili, huyo bibi hakuwepo. Mwanamke wa kwetu aliyekutwa anapanda Jumapili angesemwa mpaka wajukuu zake wasemwe. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi. Mama ni wa Uhuru.

Na Mama wa Ziwani? Hadithi yake nayo ilijulikana na wote. Mkunga aliitwa kutoka kwenye ibada ya Jumapili, akaja mbio na gauni lake jeupe la kanisani, na gauni lile halikutakata tena. Maisha yake yote Mama wa Ziwani alitaniwa kwamba alikuja duniani akaharibu nguo ya watu. Watu walicheka hilo gauni miaka nenda rudi, na hakuna aliyejiuliza bendera ipi iliangukia Jumapili. Ni wa Jamhuri. Mama yangu ni mkubwa kwa mwaka mzima.

Nilimwambia usiku ule ule wakati wa chakula. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza mara mbili kama simu inaweza kudanganya. Nikamwambia kwa siku za wiki haidanganyi. Aliweka tonge chini. Uso wake ulilainika nikamwona msichana ambaye sikuwahi kukutana naye.

"Nilijua," akasema. "Nilijua toka tumboni." Kisha akainuka kutafuta kitenge cha safari.

Tulishuka tarehe tisa Desemba yenyewe, kwa kuwa ni sikukuu na shule imefungwa. Mume wangu aliendesha gari la kuazima. Mama alikaa mbele, begi mapajani, amenyooka, amevaa kitenge kipya ambacho alikuwa anakitunza kwa sababu zake. Njiani alifanya mazoezi ya uso wake. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, anatabasamu kidogo, anaacha, anatabasamu tena. Alikuwa anajiandaa kuitikia.

Tulipopita Tingi ukungu ukabaki nyuma yetu na joto likaanza. Kona moja baada ya nyingine, na masikio yanaziba. Halafu, kwenye kona moja ambayo sikuitegemea, ziwa likawa limelala chini pale, la bluu, pana, kimya, na Malawi haionekani kabisa. Mbali juu ya maji palisimama mawingu ya wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani, yamesimama wima kama moshi wa majiko ya watu tusiowaona. Mama alilitazama. Nilitaka kumuuliza anakumbuka nini, lakini nikaona nimwache. Mimi nilikuwa nimerudi utotoni kabisa, nasikia sufuria ikigonga maji.

Nyumba ya Mama wa Ziwani iko mbele kidogo ya Mbamba Bay, juu ya mchanga, na harufu ya dagaa wanaoanikwa inakupokea kabla ya mwenyeji. Dada yangu wa ziwani alitoka akapiga magoti kumwamkia mama yangu. Mama akaitikia Marahaba vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Tukaingia ndani.

Alikuwa amelazwa kwenye kitanda kando ya dirisha, mito miwili mgongoni. Sijui nilitegemea nini. Yule mwanamke aliyesimama ndani ya maji alikuwa amebaki mkono mmoja unaofanya kazi na macho mawili. Mwanga wa ziwa ulikuwa unacheza darini, juu ya kichwa chake, na alikuwa anaufuata kwa macho kama mtoto mchanga. Mama alisimama mlangoni na begi lake.

"Mama, wageni," dada akasema. "Wametoka Mbinga."

Mama wa Ziwani aligeuza kichwa polepole. Alimtazama mama yangu muda mrefu, kuanzia kitenge hadi usoni. Mdomo wake ukahangaika, ukapinda, ukatafuta.

"Shikamoo," akasema.

Hapo hapo dada akanong'ona karibu na sikio langu, kwa aibu, "Siku hizi anamwamkia kila mtu. Hata watoto wadogo. Amesahau."

Mama alisikia. Nilimwona anasikia. Alikuwa amepewa kile alichokisubiri maisha yake yote, mbele ya mashahidi, na ukweli ulikuwa upande wake, kalenda ilikuwa upande wake. Neno moja tu lilibaki, na alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima. Nilimsubiri aliseme.

Aliweka begi chini. Akasogea hadi kitandani, akapiga magoti, yote mawili, juu ya saruji, na magoti yake ni mabovu. Akaushika ule mkono uliolala, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Usiniamkie mimi," akasema. "Shikamoo, dada."

Nilidhani hakusikia, au amesikia na imempita. Kisha macho yale yakabadilika. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Mtu alikuja akakaa ndani yake.

"Marahaba," akasema. Akapumzika. Akatafuta tena, na safari hii akalipata neno lote. "Umechelewa."

"Nimechelewa, dada," mama akasema. "Barabara ilikuwa mbaya."

Barabara ina lami miaka sasa. Mume wangu alikohoa, akatoka nje. Mimi nililia bila aibu, nikiwa nimeegemea kabati la vyombo la watu, na dada naye akalia. Wao wawili hawakulia. Mama aliketi kitandani, akaanza kumweleza habari za shamba, za babu, za nani amekufa na nani ameoa, akarudi nyuma hadi mambo ya utotoni, na yule mwingine aliitikia kwa jicho na kwa kidole kimoja. Jua lilizunguka chumba. Hatukuwakatiza hata kwa chakula.

Tuliporudi, gari linapanda milima, nilishindwa kuvumilia.

"Mama, wewe ndiye mkubwa."

"Najua. Si umeniambia mwenyewe."

"Sasa kwa nini?"

Alifungua dirisha kidogo, hewa ya baridi ya kwetu ikaanza kuingia. "Ningeitikia," akasema, "tungekuwa tumemaliza."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kabla hajawasha moto, mama alikuwa anapiga simu ziwani. Dada anaishikilia simu sikioni mwa mama yake. "Shikamoo, dada," naisikia kutoka chumbani kwangu, kupitia ukuta, ndani ya usingizi wangu wa mwisho. Halafu kimya, halafu kicheko kidogo cha mama. Nikajua ameitikiwa. Nami nikaanza kumwita yule mama mkubwa, wazi wazi, na mama hakununa.

Kiharusi cha pili kilikuja mwezi wa tatu, mvua zikiwa nyingi. Tulimzika mama mkubwa kwenye mchanga, mahali ambapo ziwa linaonekana. Kabla ya mazishi, mzee wa kanisa aliyekuwa anaandaa wasifu wa marehemu alikuja kuuliza. Amezaliwa tarehe tisa Desemba, hiyo inajulikana, lakini mwaka gani? Watu wote wakanigeukia, maana mimi ndiye mwalimu. Mama akanitangulia.

"Sitini na moja," akasema. "Yeye ni wa Uhuru. Mimi ni mdogo wake, wa Jamhuri."

Mimi, mwalimu wa historia, sikumsahihisha. Wasifu ukasomwa hivyo mbele ya umati, na msalaba ukaandikwa hivyo, na sitaufuta.

Tulirudi Mbinga jioni. Alfajiri yake niliamka kabla ya mama, au nilidhani hivyo. Nikamkuta amekaa barazani, amejifunga shuka, simu iko mkononi imeshawashwa. Upande wa pili wa bonde watu walikuwa wameanza kuchimba ngoro mpya, na udongo mwekundu ulikuwa unatokeza kidogo kidogo kwenye ukungu, shimo baada ya shimo. Nilimwamkia. Akaitikia. Nikakaa karibu naye.

Aliitazama simu, akaifunika kwa kiganja.

"Sasa," akaniuliza, kama kweli anataka nimjibu, "mimi nitamwamkia nani?"